Mtaa Uliofagia Umeme Wake

Mama Mkunjo hakuwa mtu wa kuingiliwa nyumbani kwake hivi hivi. Hata kama wewe ni ndugu yake wa tumbo moja, utasimama nje, utapiga hodi, utasubiri asogeze kiti na kupangusa meza ambayo amekwisha kuipangusa asubuhi, ndipo utasikia karibu. Jina la Mkunjo alipewa na wateja. Alikuwa dobi, na suruali iliyopita mkononi mwake ilikuwa na mkunjo ulionyooka kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo, utadhani umepigwa rula. Mteja akija kuchukua shati akalikunja ovyo kulitia mfukoni, Mama Mkunjo alimnyang'anya, akalikunja upya mbele ya macho yake, akamwambia, "Ukitoka hapa na shati limekunjwa hivyo, watu watasema ni mimi."

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi. Meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, kamba ya kutundikia mashati, kopo la maji lenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari, na pasi nzito ya umeme ambayo waya wake umefungwa utepe mweusi mahali pengi. Chumba cha nyuma ndicho alicholala mumewe.

Mumewe wakimwita Fundi Rangi. Miaka yote ya nguvu zake alipuliza rangi za magari kwenye gereji, na kinga yake ilikuwa kitambaa alichojifunga puani, basi. Jioni akirudi nyumbani akipenga kamasi, leso inatoka na rangi ya kazi ya siku hiyo.

"Leo umepaka gari jekundu," mkewe anamwambia.

"Umejuaje?"

"Pua yako imesema."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kilikuwa kichekesho chao cha ndani ya nyumba, hakikutoka nje. Kumbe mapafu yalikuwa hayacheki. Yalianza na kikohozi, kikohozi kikaleta pumzi fupi, pumzi fupi ikamtoa kazini, na mwisho Fundi Rangi akalazwa. Alipotoka hospitali alitoka na sanduku.

Sanduku lenyewe lilikuwa jeupe, lina magurudumu, kimo chake kama mtoto wa chekechea. Linavuta hewa ya chumbani, linaichuja, halafu linampa mgonjwa ile nzuri kwa mrija mwembamba unaoingia puani. Na lenyewe linapumua. Pfuu, linanyamaza, pfuu, linanyamaza. Nesi aliyewakabidhi alisema jambo moja, akalirudia kwa kidole: "Hii inataka umeme wenye nguvu. Umeme ukilegea italia. Ikilia ujue mzee hapati hewa ya kumtosha. Mtungi huu wa pembeni ni wa dharura tu, haukai sana."

Mama Mkunjo akaitikia. Tangu siku hiyo sikio lake moja likawa kwenye pasi na sikio moja kwenye sanduku.

Sasa umeme wa mtaa ule. Transfoma ilikuwa moja, imetundikwa kwenye nguzo pale kona, na iliwekwa zamani viwanja vingi vikiwa bado ni majani matupu. Baadaye watu wakajenga. Wakaongeza vyumba vya uani, wakapangisha, na kila mpangaji akaja na friji yake, na jiko lake, na pasi yake. Umeme nao ni kama maji ya bomba moja, wote mkifungua kwa pamoja, wa mwisho anapata matone. Na wa mwisho ni nani? Nyumba ya Mama Mkunjo ndiyo iliyofungia laini. Jua likizama, watu wakirudi kutoka kazini, balbu yake inafifia inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Na kule chumba cha nyuma sanduku linaanza: tii, tii, tii.

Siku ya kwanza lilipolia alitoka nje na kanga moja, yeye ambaye hajawahi kuonekana njiani hajavaa akapendeza. Akapita nyumba kwa nyumba. Usidhani alikwenda kuomba. Mama Mkunjo kuomba hakujui. Alisimama mlangoni akauliza, "Hapa nani amewasha nini?" kama askari anayetafuta mwizi. Watu wakazima. Sanduku likanyamaza. Kesho yake likalia tena, akatoka tena.

Kutoka huko ndiko zamu zilikozaliwa. Mama Mkunjo alikata kipande cha shuka la kijani, akasema nyumba yenye kipande hiki getini ndiyo yenye haki ya kuwasha kitu kizito jioni: pasi, jiko, pampu ya maji, hita ya kuogea. Ukimaliza unampelekea jirani. Friji zizimwe jua likizama, ziwashwe watu wakienda kulala, chakula hakitaoza kwa muda huo. Yeye mwenyewe alipiga pasi asubuhi tu, adhuhuri waya umeshakunjwa.

Aliyempa taabu ni Cheche. Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha pale pale kona, jirani na nguzo, na mashine yake ikiunguruma taa za mtaa mzima zinakonyeza. Alikuwa rafiki wa Fundi Rangi tangu gereji, kwa hiyo Mama Mkunjo alikuwa shemeji yake, na kwa shemeji yake alikuwa na mdomo.

"Shemeji, siku hizi umekuwa waziri wa umeme?"

"Ningekuwa waziri wewe ungekuwa ndani."

"Kosa langu?"

"Kelele. Na hayo mageti yako yasiyofunga."

Lakini Cheche akakubali. Akawa anachomelea mchana, jioni anaacha, anakuja kibarazani kucheza drafti na Fundi Rangi, huku mrija mrefu umetoka dirishani kama kamba ya mbuzi. Fundi Rangi hana pumzi ya kutosha kubishana, anasogeza tu kizibo na kucheka kwa mabega. Cheche anabishana kwa niaba ya wote wawili.

Na zamu zikafanya kazi, hilo hakuna wa kulikataa. Balbu zikaacha kupasuka. Friji zikaacha kuungua. Msusi, binti wa saluni ndogo katikati ya mtaa, akawa anakausha nywele za wateja kwa draya iliyo moto kweli, si ile iliyokuwa inapuliza upepo wa uvuguvugu. Na sanduku likawa linapumua jioni mpaka asubuhi.

Kilichovuruga ni jengo jipya. Tajiri mmoja alisimamisha ghorofa ya vyumba vya kupanga, vyumba vikajaa, na wapangaji wake hawakujua kipande cha kijani ni kitu gani. Msusi alijitolea kwenda kuwafundisha, wengine wakaelewa, wengine wakamcheka. Zamu ikawa ndefu. Mtu anapika wali majirani wanamsubiri getini kama wako kisimani. Basi wakakaa, wakakubaliana waende shirika la umeme kuomba transfoma kubwa. Msemaji akawa Mama Mkunjo, nani mwingine.

Shirika likamtuma mhandisi. Kijana mpole, kofia ngumu kichwani, maneno taratibu. Akapanda nguzoni na mwenzake, akafunga kisanduku kidogo chenye taa ya kumeta. Aliposhuka akawaeleza wote waliokusanyika.

"Hiki kinapima mzigo wenu. Kitakaa wiki nzima, usiku na mchana. Kikionyesha mmezidi uwezo wa hii transfoma, mtaletewa kubwa. Kazi yenu ni moja tu, ishini kama kawaida. Msibadilishe kitu."

Haya. Sasa sikiliza jinsi maneno hayo yalivyoingia sikioni mwa Mama Mkunjo. Yeye alilelewa kwamba mgeni hubisha hodi akasema msijisumbue, mimi nakaa popote, nakula chochote. Na nani aliyewahi kumsikia mgeni akisema hivyo akaacha kujisumbua? Hapo ndipo unapofagia mpaka uvunguni.

Jioni ile walikutana uani kwake. Cheche ndiye aliyeanza, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wiki hii tuwashe. Tuwashe kila kitu. Mimi nitachomelea mpaka jioni, Msusi afungulie madraya yote, nyie wa majiko pikeni maharage kwa umeme. Wakione kilio chetu."

"Yaani mgeni anakuja kwako," Mama Mkunjo akasema, "wewe unachukua masufuria machafu unayapanga sebuleni?"

"Yule si mgeni, shemeji. Yule ni daktari. Kwa daktari unavua shati unaonyesha kidonda, huvai suti."

Watu wakacheka. Mama Mkunjo hakucheka.

"Na mume wangu? Mkishawasha hayo majiko wiki nzima, yeye atavuta nini? Cheche zako?"

Kila mtu akatazama miguu yake. Ndipo Fundi Rangi akasema kutoka mlangoni, maneno yake yanakuja moja moja kama mtu anayepanda ngazi.

"Mama watoto... Cheche ana hoja. Mimi... nipelekeni hospitali. Wiki moja tu. Nitalala huko."

"Wewe pumua," mkewe akamwambia.

"Napumua. Nasema..."

"Hospitali umetoka. Hurudi kule kwa ajili ya waya. Na nyie nisikilizeni. Wale wakikuta tumetawanya umeme ovyo watasema hawa hata tukiwapa kubwa wataiunguza. Wakikuta tunavyokitunza hiki kidogo, watatuamini. Mtaa huu hautaaibishwa mbele ya watu wa ofisini."

Cheche akasimama, akapangusa suruali. "Shemeji, kichwa chako hicho kingekuwa chuma ningekuwa tajiri."

Lakini nani angembishia tena mwanamke ambaye mumewe yuko mlangoni na mrija puani? Wakakubali. Na wiki ile mtaa uliufagia umeme wake kama unavyofagiliwa ua siku ya harusi. Zamu zilifuatwa na hata wapangaji wa ghorofani walibanwa, Msusi akisimama mlangoni kwao na mikono kiunoni. Wengine walizima na taa, wakala gizani wakitafutana mikono kwenye sinia. Watoto walioga maji ya baridi wakapiga kelele. Kila alfajiri Mama Mkunjo akitoka kufagia alikitazama kile kisanduku nguzoni kinavyokonyeza, akakisalimu kwa kichwa. Na chumba cha nyuma sanduku halikulia hata mara moja wiki nzima. Aliona ndiyo dalili.

Siku ambayo gari la shirika lilikuja na winchi yake, habari ilikimbia kabla gari halijafika kona. Watu wakamiminika. Mama Mkunjo alivaa gauni lake la kutokea, akaweka kiti cha mumewe kibarazani ili aone. Umeme ukakatwa, Fundi Rangi akavishwa mtungi. Ile transfoma ya zamani ilipofunguliwa na kuanza kushuka, vigelegele vikapigwa, na wa kwanza kupiga ni yeye.

Halafu winchi ikainua nyingine kutoka garini.

Cheche alikuwa ameegemea mlango wa karakana yake. Alikaza macho. Akatupa kijiti cha meno.

"Mbona kama ndogo?"

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mhandisi akawasogelea, na uso wake, masikini, ulikuwa wa mtu aliyeleta habari njema.

"Vipimo vimetoka vizuri sana. Mtaa huu hamtumii hata nusu ya ile mliyokuwa nayo, hata jioni. Kuna upande mwingine watu wanaunguza transfoma kila kukicha, kwa hiyo ile yenu tunaipeleka huko. Hii itawatosha kabisa. Hongereni, laiti mitaa yote ingekuwa kama nyinyi."

Hongereni. Neno hilo lilimpiga Mama Mkunjo kama kofi la mtu unayempenda.

"Tulijibana, bwana!" Cheche akapaza sauti. "Tulizima! Wiki nzima tumekula gizani!"

Mhandisi akavua kofia, akakuna kichwa. "Mlijibana? Lakini niliwaambia muishi kama kawaida." Akamgeukia msemaji wao. "Mama, ni kweli?"

Mtaa mzima ulimtazama. Ilikuwa aseme neno moja, ndiyo. Transfoma ilikuwa bado inaning'inia kwenye winchi, mafundi hawajafunga hata nati. Lakini kusema ndiyo ni kusema mbele ya watu wote kwamba alimdanganya mgeni, na kwamba Cheche aliyekaa juu ya ndoo alikuwa na akili kuliko yeye. Kidevu chake kikapanda chenyewe.

"Sisi ndivyo tunavyoishi," akasema. "Hatukuficha kitu."

Mhandisi akavaa kofia yake. Kazi ikaendelea.

Fundi Rangi alikuwa pale kibarazani. Aliinamisha kichwa, akawa anachezea pindo la shati.

Mambo yaliyofuata hayakuchelewa. Transfoma ndogo jioni ilinguruma kama mtu aliyebebeshwa gunia, na siku za joto ilijikata yenyewe. Watu walipoona wamejinyima na malipo yao ni haya, wakavunjika moyo. Kipande cha kijani kikakaa nyumba moja siku tatu, nyingine ikachoka kusubiri ikawasha tu, na ya jirani ikasema kama yule amewasha na mimi ninawasha. Hakuna aliyegombana. Afadhali wangegombana. Wakikutana na Mama Mkunjo walimsalimia vizuri kupita kiasi, wakapita haraka.

Binti yake, mtoto wao wa pekee aliyeolewa upande wa pili wa mji, alinunua chombo cha kuinua nguvu ya umeme unaposhuka. Kikasaidia kidogo. Umeme ukishuka sana nacho kinajizima. Sanduku likawa linalia kila jioni, na mtungi wa dharura ukawa ndio wa kila siku. Midomo ya Fundi Rangi ikashika rangi ya jivu. Akawa hachezi tena drafti kwa sababu kunyoosha mkono mpaka kwenye ubao ilikuwa safari.

Mama Mkunjo alikwenda shirika. Alikwenda na gauni lile lile la kutokea. Alimkuta mkubwa wa yule kijana, akamweleza kila kitu, na safari hii alisema. Alisema tulizima, na aliyewaambia wazime ni mimi. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea na maji ya kunywa.

"Mama, nakuamini. Lakini mimi naamuliwa na vipimo, na vipimo vyenu ndivyo hivi. Kupima tena kuna foleni. Ikifika zamu yenu tutakuja."

"Lini?"

"Siwezi kukudanganya."

Akarudi kwa miguu, njia nzima.

Halafu ikaja ile jioni. Watu walikuwa wanapika. Balbu ilififia, ikabaki uzi mwekundu ndani ya kioo, sanduku likalia, chombo cha kuinua umeme kikajizima, na mtungi, alipoufungulia, ulitoa mlio mfupi ukanyamaza. Ulikuwa umekwisha. Fundi Rangi alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, macho yamemtoka. Mama Mkunjo akachana boksi la sabuni akawa anampepea. Akampepea na kumpepea, kana kwamba hewa ilikuwa chumbani ila haikumwona tu.

Binti yao aliingia wakati huo huo, amekuja kuwajulia hali. Alichungulia, akatoka mbio. Sauti aliyoisikia Mama Mkunjo kutoka nje haikuwa ya binti peke yake. Ilikuwa na ya Cheche pia, ambaye alikuwa na miguu mibaya na hakuwa amekimbia tangu ujana wake.

"Zimeni! Zimeni jamani! Fundi anaishiwa! Zimeni!"

Wakawa wanagonga milango kwa ngumi. Na mtaa ukazima. Ungeweza kuuona uzi mwekundu ndani ya balbu ukinenepa nyumba kwa nyumba, ukawa wa manjano, ukawa mweupe. Sanduku likakohoa, likaanza. Pfuu. Likanyamaza. Pfuu. Nje kulikuwa kimya kabisa, sufuria zinapoa juu ya majiko, watu wamesimama gizani milangoni mwao wanasubiri kuambiwa.

"Mama," binti akasema alipopata pumzi, "baba haishi hapa tena."

Hakuwa anauliza. Na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu mwingine alitoa amri ikafuatwa.

Kwa binti kulikuwa ghorofa ya nne, vyumba viwili, mkwe na wajukuu. Fundi Rangi alitandikiwa kitanda sebuleni. Nyumba ya mkwe si ya kuhamia wazazi wote wawili, na dobi asiye na meza yake na wateja wake atakula nini, tena atamlisha nani. Kwa hiyo mke akabaki. Alikwenda kila Jumapili na nguo zilizofuliwa. Kila alipoaga mumewe aliuliza jambo lile lile, "Lini narudi nyumbani?" naye alijibu, "Wakirekebisha."

Walikuwa hawajawahi kulala mbalimbali, toa tu siku za hospitali. Mama Mkunjo hakuzoea. Alikuwa akigeuka kitandani anasema jambo, halafu anakumbuka.

Siku moja katikati ya wiki Cheche alibisha hodi akasubiri kukaribishwa kama inavyotakiwa. Hakukaa.

"Shemeji, mlete mwenzako."

"Nimlete wapi?"

"Hapa. Tumekaa, nyumba zote, hata wale wa ghorofa. Jua likizama hakuna atakayewasha kitu kizito mpaka Fundi alale. Msusi atafunga saluni mapema. Nimeshampigia simu Fundi mwenyewe, amefurahi, karibu alie."

Mama Mkunjo alimtazama shemeji yake. Alitafuta utani usoni mwake, hakuuona.

"Mpaka lini?" akamwuliza.

Cheche akajikuna shingo. "Mpaka... tutaona."

Jumapili hiyo alikwenda kumchukua. Alikuwa ameshatandika shuka safi na kufungua madirisha. Njia nzima hakuwaza kitu ila namna atakavyomshusha ngazi zile.

Mlango ulifunguliwa na mjukuu. Ndani runinga ilikuwa inaongea, jikoni jiko la umeme linachemsha, mkwe anapiga pasi shati lake mwenyewe, vibaya, na taa zote zinawaka mchana mchana kwa sababu hakuna aliyejali kuzizima. Na sanduku pale kando ya kitanda linapumua, halina habari na mtu. Mama Mkunjo alisimama akasikiliza. Alizoea kusikiliza huku moyo umekaa tayari. Alisubiri taa ikonyeze, haikukonyeza.

Fundi Rangi alikuwa amekaa ukingoni, amevaa shati la kutokea. Begi lake liko miguuni. Amevaa viatu, kamba zimefungwa na mtoto, mafundo makubwa.

"Umechelewa," akamwambia. Alisema neno zima kwa pumzi moja. "Nimekaa tayari tangu asubuhi. Cheche amesema wameniwekea ubao kibarazani."

"Wamekuwekea."

"Basi twende."

Mama Mkunjo akakaa kando yake. Akamshika mkono akautazama. Kucha zilikuwa zimerudi rangi ya kucha. Na midomo pia. Aliwafikiria wale watu kule nyumbani, wema wao, na sufuria zao zinazopoa. Wangeweza wiki moja. Wangeweza mwezi. Halafu mtoto wa mtu ataumwa, mama yake atataka maji ya moto. Mpangaji mpya atahamia hajaambiwa. Na atakuwa na haki. Naye Mama Mkunjo atakuwa tena na boksi la sabuni mkononi.

"Hatuendi," akasema.

"Hatuendi leo?"

"Hatuendi, baba."

Fundi Rangi akautoa mkono wake taratibu. Alitazama dirishani, upande ambao mtaa wao ungeonekana kama majengo yasingekuwepo.

"Ningelala hospitali ile wiki," akasema.

"Najua."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Sikukusikiliza. Na siku ya winchi niliulizwa, nikafunga mdomo."

Mumewe akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Mtaa mzima unajua, na mimi nilisikia. Nilikuwa nangoja wewe mwenyewe uniambie." Runinga ikacheka kitu chake. Mkwe alikuwa amezima pasi na kwenda kusimama jikoni bila kazi yoyote.

"Basi nivue viatu?" Fundi Rangi akauliza.

"Vua."

Akajaribu kuinama, kifua kikamkatalia, akarudi nyuma akihema. Mama Mkunjo akapiga magoti sakafuni na gauni lake la kutokea, akaanza kufungua yale mafundo ya mtoto. Yalikuwa yamekazwa sana. Ilibidi atumie meno.